Majina Thelathini na Nane na Gitaa Moja

Mtu akikuletea gramafoni ileile mara kumi na nne kwa mwaka, unachoka naye, hata akiwa rafiki yako. Mimi ni fundi wa redio katika soko la Jericho, hapa Nairobi, nimekaa kwenye kibanda hiki tangu mwaka wa themanini na moja, na nikisema Mulongo alinichosha mniamini. Leo sindano imekatika. Kesho mkanda umelegea. Keshokutwa spika inakwaruza. Ni mara ngapi nimemwambia kwamba spika haina ubaya wowote, hilo gitaa la kwenye santuri yake ndilo linalolia hivyo? Naye hucheka kama mtu aliyesifiwa.

Mulongo alifanya kazi katika kiwanda kimoja cha mablanketi, upande ule wa viwandani. Mashine za kufuma zilikuwa zimemla masikio, kwa hiyo alichosikiliza yeye kilisikilizwa na mstari mzima wa nyumba, watake wasitake. Alikuwa mtu wa Bungoma. Mke wake, Triza, alitoka hukohuko, walikuwa na mabinti watatu, na Jumapili alisimama kanisani akiimba besi. Ukimwona barabarani ungesema huyu ni baba wa watu tu, hana neno. Kaa naye dakika tano sasa. Muulize bei ya sukari, atakuanzia kwenye sukari na kukumalizia kwenye roki.

Na usithubutu kumwambia kwamba roki ni muziki wa wazungu.

"Mzungu gani?" alikuwa akifoka, mate yanaruka. "Mzungu wa Makongeni? Radi Tano walikuwa vijana wa hapa! Walikuwa wanashika gitaa mikono bado iko na grisi ya kazi!"

Radi Tano ndiyo iliyokuwa bendi yake. Ilipiga katika kumbi za mitaa yetu miaka ya sabini ilipoanza, ikatoa santuri chache, ikavunjika, ikasahauliwa. Kufikia mwaka wa tisini na nne, vijana wa Buruburu walikuwa wanafuata rap ya Marekani huku suruali zinawaanguka, wazee walikuwa na rumba yao, akina mama na kwaya zao. Mtaa mzima ulikuwa na shabiki mmoja wa Radi Tano, na shabiki mwenyewe alikuwa mteja wangu. Bahati yangu hiyo.

Lakini mgala muue na haki yake mpe. Ule wimbo aliokuwa akiuhubiri, uitwao "King'ora", ulikuwa wimbo kwelikweli. Unaanza na gitaa linalopanda polepole hadi juu kabisa, kama king'ora cha kiwanda alfajiri. Ngoma zinaingia na mwendo wa watu wanaokimbilia kazini. Mwimbaji anaimba habari za mtu aliyefungiwa geti kwa kuchelewa dakika mbili. Halafu anaacha kuimba, gitaa linabaki peke yake, na hapo hata mimi mwenye solda ya moto mkononi nilikuwa naiweka chini. Gitaa linabisha hodi getini. Linabembeleza. Linaona halisikilizwi, basi linaanza kutukana. Sijasikia kitu kama hicho kabla wala baada. Ningefurahi zaidi kama Mulongo asingekuwa amenishika bega akinipigia kelele sikioni, "Sikia hapo, fundi! Sikia hapo!" kana kwamba yeye ndiye mzima na kiziwi ni mimi.

Mwezi wa Machi alikwenda soko la Kariokor kununua akala. Fundi aliyemkatia soli kutoka kwenye tairi alikuwa mzee mmoja mkimya, anayeinamia kazi hadi pua inagusa mpira kwa sababu macho yalikuwa yanamwishia. Mzee akawa anavumisha wimbo puani. Mulongo, na masikio yake yale, akasikia. Ilikuwa ile sehemu ya gitaa, yote, bila kukosea mahali.

"Mzee, hiyo umetoa wapi?"

"Hiyo?" mzee akasema. "Hiyo ni yangu. Mimi ndio nilipiga."

Nilijua kuna jambo nilipomwona Mulongo akija kibandani kwangu akikimbia, mguu mmoja akala mpya, mguu mwingine kiatu kikuukuu. Akala ya pili aliiacha Kariokor. Hata kulipa nadhani alisahau.

Mzee huyo aliitwa Joram Shitanda. Gitaa alikuwa ameliacha siku nyingi, akashona akala miaka ishirini, na sasa kwa kuwa hawezi tena kuona tundu la sindano, yeye na mkewe Annah walikuwa wanarudi Kakamega moja kwa moja. Vitanda vilikuwa vimeshatangulia. Wangepanda basi Jumapili ya mwisho ya Aprili. Mulongo alimleta kwake, akamsikilizisha santuri, mzee akainamisha kichwa mpaka mwisho, akasema, "Ndio, ni sisi," akaomba maji ya kunywa. Basi. Mulongo alilia, Triza akatoa maji.

Hapo ndipo Mulongo alipojitia kitanzi. Alimwambia yule mzee, mbele ya mashahidi, kwamba yeye mzee hatatoka Nairobi kabla redio haijapiga wimbo wake na mtaa wote ukasikia. Aliapa. Nani alimtuma aape?

Maana kwa redio alikuwa na historia. Miaka saba alikuwa akinunua kadi za salamu na kuzipeleka kwenye kipindi cha Jumamosi, kile cha saa tisa na nusu, akiomba "King'ora". Miaka saba mtangazaji alisoma salamu zake vizuri, akamtakia heri, akapiga rumba. Safari hii aliomba ruhusa kazini, akatembea hadi huko kwenye stesheni, akasimama dirishani na kuuliza kisa na maana. Msichana wa pale akamwambia kwa upole kwamba santuri hiyo hawana, hawajawahi kuwa nayo, na kwamba akiileta pamoja na kadi itapigwa Jumamosi, ya mwisho kabla ya taarifa ya habari ya saa kumi. Miaka saba! Angeuliza siku ya kwanza.

Nikamwambia, lete hiyo santuri niinakili kwenye kaseti kabla hujaipeleka. Akakataa. Eti kaseti inaua gitaa. Sikio la kufa halisikii dawa, nikamwacha.

Santuri ilikuwa mkononi, wimbo ulikuwa na uhakika, kilichobaki ni kuandika kadi. Hapo ndipo watu wa Jericho tulipojitokeza.

Mnajua mambo ya salamu. Huwezi kumsalimu mtu mmoja kwenye redio na kuwaruka wengine, utaishi wapi baadaye? Wa kwanza alikuwa Triza.

"Baba Nekesa, uweke mama yangu. Na ndugu zangu wote watano. Ukiacha hata mmoja, usiniulize chakula."

Wa pili alikuwa Waithera, mwenye kioski cha kadi, aliyedai kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimuuzia kadi tangu enzi hizo, kwa hiyo aandikwe yeye, mumewe, na dada yake wa Nyeri. Kisha Bwire, msimamizi wake kiwandani.

"Si ni mimi nilikupea ofu, Mulongo? Andika Bwire na familia. Na usisahau watu wa zamu ya usiku, watanuna."

Nami niliomba. Sikatai. Nilimwambia aandike fundi Mbugua wa Jericho, mke wangu Kui, na watoto wanne, kila mmoja kwa jina lake, kwa sababu yule mdogo alikuwa ameanza kulia. Mulongo alinitazama vibaya lakini akaandika. Kadi ikajaa mbele. Ikajaa nyuma. Akaipigia pini karatasi ya daftari. Ijumaa jioni tukahesabu majina thelathini na nane, na la mwisho kabisa lilikuwa la Mzee Joram Shitanda. Alimweka mwisho kwa makusudi, ili jina likitajwa tu gitaa lidake.

"Mulongo," nikamwambia, "wimbo wenyewe ni dakika nne. Punguza watu."

"Nipunguze nani, fundi? Nianze na wewe?"

Kesho yake asubuhi, siku moja kabla ya safari ya mzee, akapeleka kadi na santuri stesheni.

Jumamosi nilitoa redio yangu kubwa nje, nikaiunganisha na spika mbili za mteja ambaye hakujua. Mzee Shitanda aliketishwa kwenye kiti cha mikono, Annah kando yake na mwavuli wa jua. Watu walikuja wengi kuliko nilivyopenda, na kila mtu alikuwa amekuja kusikia jina lake. Mulongo alikuwa amevaa koti la kanisani. Kila wimbo wa rumba ulipopigwa alikuwa akiangalia saa na kusonya.

Saa kumi kasorobo, bado. Saa kumi kasoro dakika saba mtangazaji akacheka kwenye kipaza sauti.

"Sasa hapa nina kadi, wapenzi wasikilizaji, kadi hii ni gazeti! Bwana Mulongo wa Jericho, Nairobi, huyu bwana anafahamiana na nchi nzima."

Mtaa ukalipuka. Na yule mtangazaji, Mungu amsamehe, alikuwa na adabu. Hakuruka mtu. Angekuwa mvivu kama wenzake angesema "na wengine wote" tukapona, lakini alisoma jina moja moja, akivuta pumzi, akiuliza Nyeri kuna baridi gani. Mama yake Triza alitajwa, Triza akapiga vigelegele. Watu wa zamu ya usiku walitajwa, wakaruka juu. Jina langu lilitajwa na, nisiwafiche, nilipiga kelele kama wengine. Mimi na familia yangu tulikula sekunde kumi na tano nzima.

"Kimya!" Mulongo alikuwa akizunguka watu na mikono kichwani. "Jamani kimya! Dakika zinaisha! Bwire, wewe mtu mzima, kimya!"

Nani amsikie? Saa kumi kasoro dakika mbili. Kasoro moja na nusu. "Na mwisho kabisa," mtangazaji akasema, "salamu zimfikie Mzee Joram Shitanda wa Kariokor, mpiga gitaa."

Mzee Shitanda akasimama. Akainua mkono juu kama mtoto anayeitwa jina darasani, akapaza sauti ambayo sikujua anayo: "Niko! Niko hapa!"

Basi watu wakamvamia. Wakamkumbatia, wakamwinua, Annah akaangusha mwavuli, vigelegele, miluzi, watoto wakigonga mabati ya kibanda changu. Ndani ya kelele hiyo king'ora kilikuwa kinapanda. Nilikisikia kwa sababu nilikuwa nimeegemea spika. Ngoma ziliingia, mwimbaji akafika getini, akaimba ubeti mmoja na robo. Nilimwona Mulongo amepiga magoti mbele ya spika, sikio limebandikwa pale, akingojea mwimbaji anyamaze na gitaa libaki peke yake. Mwimbaji akanyamazishwa na mlio wa saa. Pi, pi, pi. Taarifa ya habari.

Mulongo aliizima redio yangu kwa kofi. Sijawahi kumwona akiwa hivyo. Aliwageukia watu, akawaita majina ambayo mtu wa besi kanisani hapaswi kuyajua. Akaniita na mimi, na nilistahili. Kisha akafika mbele ya mzee.

"Hata wewe, mzee? Ni wimbo yako! Miaka yote hii naomba hiyo gitaa isikike, na wewe ndio unapiga kelele zaidi?"

Mzee Shitanda alikuwa ameketishwa tena. Alikuwa anajifuta macho na kiganja, vidole vimechakaa kwa mpira.

"Wimbo naijua, Mulongo," akasema. "Niliipiga mpaka vidole zikatoka damu. Lakini kwa santuri waliandika jina ya mwenye bendi. Hata hiyo siku ya kurekodi mimi nilikuwa naitwa 'wewe wa gitaa'. Jina yangu kwa redio sijawahi kusikia."

Watu walianza kutazama chini. Waithera akamziba mwanawe mdomo. Mulongo alisimama pale na koti lake la kanisani, magoti yamejaa vumbi, na hasira bado haijamtoka.

"Amesema aje?" mzee akauliza. "Vile amesema jina yangu. Watu walikuwa na kelele, mimi pia. Amesema aje?"

Mulongo alivuta pumzi. Akakohoa kidogo, akaishusha sauti mpaka ikawa nzito na laini, sauti ya mtangazaji hasa.

"Na mwisho kabisa, salamu zimfikie Mzee Joram Shitanda wa Kariokor. Mpiga gitaa."

"Tena," mzee akasema.

Mulongo akasema tena, uso umekunjamana, machozi yanamtiririka, na safari hii hakuna hata mmoja wetu aliyepiga kelele.