Usiitike Mtu wa Pande Mbili

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya bourse, ufadhili wa masomo ya udaktari wa falsafa, pale chuoni Kisangani, Chef de Service, mkuu wangu, hakunipa hata kiti. Alinieleza kazi tumesimama: ufadhili wa pande mbili. Ulaya inalipia tiketi na miezi ya kule. Chuo chetu kinalipia miezi ya utafiti nyumbani, mara nyingi kwenye kituo cha utafiti cha Yangambi. Mwanafunzi anakuwa na promoteurs wawili, yaani maprofesa wa kumsimamia, mmoja huku, mmoja kule. Kisha akashusha sauti.

"Bon, mutu wa pande mbili, mara ingine anabakia pande mbili kweli. Ukisikia anakuita, na unajua iko Ulaya, hapana kuitika."

Nilidhani ananipima, kama wapimwavyo wageni wa kazi.

Miaka mingi baadaye Bosco wa mtaa wa Mangobo, mtafiti wa miti, akapata bourse hiyo. Mama yake, mjane asiye na mtoto mwingine, alitaka kitu kimoja tu: mwanawe arudi. Haukupita muda tangu Bosco aende Ulaya, mama akaja ofisini anatabasamu.

"Papa, aksanti. Bosco alisharudi. Aliniita ku mulango, nikaitika. Anakula muzuri, lakini anakatala kutoka inje."

Asubuhi ile ile nilikuwa nimeongea na Bosco kwa video, theluji ikianguka dirishani mwake. Nikamfuata mama hadi Mangobo, jua la adhuhuri likiwaka. Mezani palikuwa na sahani ya pondu, yaani kisamvu, iliyolambwa. Nyuma ya pazia mtu akakohoa, kikohozi cha Bosco.

"Papa," akaniita.

Niliogopa, sioni haya kusema. Nikatoka bila kujibu. Nilipomsimulia Secrétaire académique, mkubwa wetu wa wakati huo, aliuliza neno moja tu: "Aliitika?" Nikasema mama aliitika. Akageuka, akafunga dirisha.

Bosco alirudi na udaktari wake. Mama akampokea mlangoni kwa heshima.

"Karibu, docteur. Ngoja niite mutoto yangu akusalimie."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bosco hata jembe hajapewa. Anafundisha hapa hapa mjini, na kila Jumapili humpelekea mama samaki. Mama hushukuru, kisha huenda kumpikia yule wa nyuma ya pazia.

Nimestaafu. Vijana huniuliza ugumu wa kazi ile, nami huwaambia ni kunyamaza, nao hucheka. Binti yangu sasa yuko Ulaya kwa bourse hiyo hiyo, na nimemkumbuka mpaka naumwa. Tangu juzi, mchana nikiwa peke yangu, ananiita kutoka jikoni.

"Papa, chumvi iko wapi?"

Iko kwenye kopo la bluu, nyuma ya mafuta. Bado sijamwambia.