Mke Aliyeandikwa Dada

Gaudiose wa Katumba alikuwa na miaka arobaini na mitano na watoto wanne siku aliyosikia, mbele ya baraza la usuluhishi la kata, kwamba yeye si mke wa mtu.

Kabla ya hapo shida yake ilikuwa moja tu: adai talaka wapi. Yeye na mumewe Melkiadi waliandikishwa ndoa kwenye ofisi ya serikali, komini ya Makamba, Burundi, mwaka 2006, Melkiadi alipotoka Tanzania kwenda kutafuta mchumba. Kanisani walimwambia fundo hufunguliwa lilikofungwa, arudi huko huko. Jirani yake Minza, Msukuma asiyemung'unya maneno, akamcheka.

"We Mama Aline! Mume yuko Kapalamsenga na mwanamke wa dagaa, shamba liko hapa Katumba, halafu wewe unakwenda Burundi kufanya nini? Kuhiji?"

Shamba ndilo lililomtoa nyumbani. Ekari nne, visiki vyake alivying'oa mwenyewe akiwa na mtoto mgongoni, na sasa Melkiadi alikuwa anatafuta mnunuzi. Talaka ikipatikana Makamba, nani kule atagawa udongo wa Katumba?

Mwenyekiti wa baraza, Mzee Nestori, alikisoma cheti cha komini kwa taabu, akakiweka mezani. "Ndoa ya nje nayo ni ndoa, mama. Nyie mmeishi hapa miaka yote, shauri lianzie hapa. Tukishindwa kuwapatanisha, tunawapa barua ya kwenda mahakamani Mpanda."

Gaudiose akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Ndipo Melkiadi, aliyeitwa kutoka Kapalamsenga, akasimama, akatoa karatasi mfukoni.

"Mzee, mtu anamwachaje dada yake?"

Minza, aliyemsindikiza Gaudiose, akaangua kicheko, akidhani ni mzaha. Mzee Nestori hakucheka. Alikuwa anasoma. Ilikuwa nakala ya fomu ya kuomba uraia wa Tanzania. Mkuu wa kaya: Melkiadi. Chini yake: Gaudiose, dada, amezaliwa Katumba. Pembeni, alama ya dole gumba.

Dole lilikuwa la Gaudiose. Aliikumbuka foleni ile, wino ule, na Melkiadi kijana akimnong'oneza, "Weka dole hapa, tusije tukatenganishwa." Uraia ulikuwa wa wakimbizi waliotoka Burundi mwaka sabini na mbili na watoto wao, kama Melkiadi. Yeye alikuwa ameolewa juzi tu kutoka ng'ambo. Kumbe alimwandika dada ili asirudishwe! Amepiga kura, amezaa, amepokea meza ya Bwana miaka yote hiyo, juu ya uongo ambao hakuujua kwa sababu kusoma kwake kulikuwa kwa kuungaunga.

"Bwana Yesu," alisema.

Mzee Nestori akavua miwani. "Mama, nisikilize vizuri. Makamba hawana fomu hii. Utapewa talaka yako, utarudi kimya, shamba usilitaje tena. Hapa, nikiandika kwamba wewe ni mke, nimeandika pia kwamba fomu ni ya uongo. Uhamiaji watakuita. Watakachosema juu yako mimi sikijui."

"Si umesikia?" Melkiadi akasema kwa upole, kama anayembembeleza mgonjwa. "Nenda Makamba, dada yangu."

Minza akamshika mkono. Hata yeye, mwenye maneno yote, sasa alinong'ona: "Mama Aline, nenda. Shamba ni udongo tu."

Gaudiose aliitikia kwa kichwa kuukubali ushauri ule. Kweli, udongo ni udongo. Akaanza hata kukunja cheti chake. Halafu mkono ukasimama. Akamgeukia Melkiadi, na sauti yake ilitoka ndogo, kama ya mtu aliyemwagiwa maji ya baridi.

"Baba Aline. Kama mimi ni dada yako, wale wanne ni watoto wa nini?"

Melkiadi akanyoosha mkono kuichukua karatasi yake mezani.

"Nakuuliza mbele ya watu. Kanisa zima limeshuhudia wakibatizwa. Ni watoto wa nini?"

Gaudiose akakinyoosha cheti kwa viganja viwili, akakisukuma mpaka kwenye kitabu cha mwenyekiti.

"Andika hapa hapa, mzee."

"Una hakika, mama?"

"Natetemeka. Lakini andika."

Mzee Nestori akavaa miwani, akapiga mstari. "Uhusiano na mlalamikiwa?"

"Mke," akasema Gaudiose.