Vizibo vya Chini ya Kitanda

Kabla sijawa mhudumu wa wazee London, nilikuwa mnusaji wa vizibo. Sifanyi mzaha. Kwetu, Kilifi bara, baba yangu aliweka pombe yake ya mnazi katika chupa za kila aina na kuziziba kwa magunzi ya mahindi. Mama alikuwa akinituma uvunguni: nenda kanuse. Gunzi lililolowa mnazi wa leo lina utamu ndani ya ukali. La jana limekuwa siki tupu. Nilirudi na kutoa ripoti, na kwa ripoti yangu mama aliamua kama tutalala nyumbani au kwa shangazi.

Kwa hiyo nilipomshtaki mzee wa Kireno wa Thornton Heath, kusini mwa London, kwamba ni mlevi, siwezi kusingizia kwamba sikuijua harufu.

Nilikuwa nikienda kwake kila asubuhi, kumwogesha, kumpa uji na dawa za presha. Alikuwa mgane, miaka themanini na kitu, mgongo umepinda, mdomo mkali. Tulizungumza Kiingereza, chake cha kuungaunga na changu cha Kilifi, tukaelewana vizuri kiasi cha kuudhiana. Uji wangu aliuita plasta ya ukutani. Alikuwa ameanguka mara mbili, na binti wa marehemu mkewe, ambaye ndiye ndugu pekee aliyebaki naye, alitaka apelekwe nyumba ya wazee. Mzee alikataa katakata. Alisema atatoka nyumbani kwake akiwa amebebwa tu. Afisa wa halmashauri alikuwa bado hajaamua, na sisi wahudumu tuliambiwa wazi kwamba tunachoandika kwenye simu ya kazini ndicho atakachosoma.

Uzito wa maneno yangu, basi, niliujua.

Asubuhi moja nikitafuta soksi iliyoteleza chini ya kitanda chake, niliburuta sanduku la mbao. Lilijaa vizibo vya chupa za mvinyo, mamia. Mimi nimeokoka, sigusi pombe, na kizibo chini ya kitanda ni kitu ninachokijua tangu nikiwa na miaka sita. Nilichukua kimoja nikakinusa kabla hata sijafikiri. Nikachukua cha pili, cha tatu, cha kumi.

Havikunuka pombe. Vilinuka mti mkavu na vumbi. Ncha zote mbili zilikuwa safi, hakuna doa jekundu, hakuna tundu la kizibuo. Vizibo vile havijawahi kuingia kwenye chupa. Pua yangu iliniambia ukweli wote palepale, nikiwa nimepiga magoti kwenye zulia lake.

Sasa niseme kwa nini sikuisikiliza. Asubuhi hiyohiyo, bafuni, alikuwa ameniambia kwamba namsugua kama sufuria iliyoungua. Nilikuwa na kinyongo naye. Sina sababu nyingine iliyo bora kuliko hiyo, na nimeitafuta.

Jumapili, kanisani kwetu Barking, nilimwambia dada mmoja, naye ni mhudumu kama mimi.

"Wee! Vizibo vingapi?"

"Sanduku zima."

"Na anameza dawa za pressure? Hiyo ni safeguarding, mambo ya usalama wa mzee, dadangu. Andika kwa notes, kabla hajaanguka kwa shift yako."

Sikumwambia kwamba havikunuka pombe. Jumatatu niliandika kuwa nimekuta vizibo vingi vya mvinyo chini ya kitanda, na huenda mzee anakunywa kwa siri. Ile "huenda" niliipenda sana. Niliiona kama haki, kumbe nilikuwa nimejificha nyuma yake.

Binti wa kambo, aliyepewa habari na ofisi, alifika siku iliyofuata, akapekua kabati hadi kabati, asipate hata tone. Mtu akikosa chupa huamini imefichwa vizuri zaidi. Akaondoka na sanduku ili amwonyeshe afisa.

Keshoye mzee aliniuliza, "Sanduku langu umeliona?"

Nikasema sijaliona. Nilikuwa nimemshika kwapa, namshusha kwenye beseni la kuogea.

Akaanza kunieleza lilivyo, ili nimsaidie kulitafuta. Katika kulieleza akanieleza maisha yake, jambo ambalo mimi sikuwahi kumuuliza, na nahisi yule binti pia hakuwahi. Alikuwa mbanduaji wa magome, kusini kwa Ureno. Kizibo, alisema, ni gome la mti, mwaloni wa aina yake, na mti wenyewe haukatwi. Unasubiriwa miaka ishirini na mitano ndipo ubanduliwe mara ya kwanza, na gome hilo ni gumu, halifai chupa. Unasubiri tena miaka tisa. La pili nalo halifai. Miaka mingine tisa, la tatu, hapo ndipo kizibo kinapopatikana.

Alinishika mkono uliojaa sabuni akanionyesha jinsi ya kushika shoka. Hubanduliwa kiangazi tu, gome linapokubali kuachia. Mnasimama wawili, kila mtu upande wake. Unapiga, unazungusha ubapa wa shoka kidogo, unasikiliza. Likitoa sauti ya uwazi, gome linaachia. Likitoa sauti kavu, unaacha, hata bosi apige kelele. Kwa sababu chini ya gome kuna ngozi nyembamba iliyo hai, na shoka likiingia humo, jeraha halifutiki. Kazi ikiisha mnaandika shinani, kwa rangi nyeupe, tarakimu ya mwisho ya mwaka, ili atakayekuja ajue mti una miaka mingapi ya kupumzika.

Mgongo ulipomshinda alihamishiwa kiwandani. Magome yaliyokauka nje kwa miezi huchemshwa, hunyooshwa, hukatwa vipande virefu, na vizibo hutobolewa kimoja kimoja kufuata urefu wa mti. Yeye alikaa mezani kuvichambua kwa vidole na macho. Vyenye kasoro vilikuwa vya kusagwa. Kila siku aliruhusiwa kubaki na kimoja.

"Na mvinyo?" niliuliza.

"Mvinyo unanipa kiungulia," alisema. "Tangu ujana. Wenzangu walinicheka sana."

Nilimpangusa mgongo taratibu. Sikumwambia. Nilijiona mchafu mbele ya mtu niliyekuwa namsafisha.

Mchana ule nilikwenda ofisini kwetu kuomba maneno yangu yafutwe. Msimamizi alinijibu kwa upole kwamba yaliyoandikwa hayafutwi, huongezewa tu. Nikaongeza. Niliandika mengi, tena kwa herufi kubwa mahali pengine. Lakini kikao cha afisa kilikuwa kimekwisha asubuhi, na uamuzi ulikuwa umetoka. Vizibo alirudishiwa. Nyumba hakurudishiwa.

Ilinichukua wiki tatu kumtembelea katika nyumba ya wazee. Nilipanda basi mara mbili nikashuka njiani. Mara ya tatu nilifika, nikamkuta kwenye kiti kando ya dirisha linalotazama mapipa ya taka, sanduku liko mapajani. Alifurahi kuniona, na furaha hiyo ndiyo iliyoniumiza kuliko yote. Akasema uji wa hapo unanifanya mimi nionekane mpishi.

Nikamwambia. Ni mimi niliyeandika.

Akafungua sanduku. Halafu akatoa kizibo kimoja, akakiinua kati yetu.

"Ulivinusa?"

"Nilivinusa."

"Vilinuka mvinyo?"

"Hapana."

"Basi ulijua."

"Nilijua, mzee."

Nilitaka anitukane. Niliyasubiri matusi kama mtu anayesubiri sindano. Badala yake akatazama mapipa, akaniambia kwamba kiangazi chake cha kwanza kazini alisikia sauti kavu akapiga hivyohivyo, kwa sababu mwenzake upande wa pili alikuwa amemtania. Shoka likaingia kwenye ngozi. Mti haukufa. Ila miti huwa na zamu yake, na baada ya miaka tisa zamu ikamrudisha palepale, akalikuta jeraha lake limekuwa pana kama mdomo. Baada ya tisa mingine, tena. Mara nne alisimama mbele ya mti ule, na kila mara ilimpasa kubandua kwa kuzunguka alipoharibu.

"Ulifanya nini?" nilimuuliza.

"Nilibandua. Ningefanya nini?"

Akaniomba kalamu. Akaandika kwenye kizibo tarakimu ya mwisho ya mwaka ule, akanikabidhi.

"Miaka tisa," alisema. "Rudi uniangalie."

Sote wawili tulikijua kile alichokuwa akikisema, kwa umri wake. Nikakitia kizibo mfukoni. Akaniuliza kama nitamtengenezea uji wangu kabla sijaondoka, ule wa plasta, na nikaenda jikoni kwao kuomba sufuria.

Alifariki majira ya baridi yaliyofuata. Kwa hesabu ya kizibo chake, imebaki miaka sita.