Defriza na Bidoni Moja

Sijawahi kuona mtu anayejivunia nywele huku hajui kuzichana, isipokuwa mama mdogo wangu. Alichukua chanuo, akalichomeka kwenye mizizi ya nywele kavu, akavuta. Zikikatika, alizilaumu nywele.

Tulifika kwake mjini, Ndosho, tukikimbia vita kijijini kwetu Kalengera: mama, mimi na wadogo zangu wanne. Tukalala sebuleni kwake. Nyumbani mama alikuwa na utaratibu wake kwa nywele zangu za kipilipili. Alizilowesha kwanza, akazigawa mafungu manne, akapaka mafuta kidogo, kisha akachana kuanzia nchani, taratibu, akipanda kuelekea kichwani. Mwisho alizifunga kwa uzi mweusi. Mama mdogo aliutazama uzi ule akakunja pua.

"Huyu mutoto ataniletea haya ku misa. Watu watasema shiye wote tunatoka mu pori."

Pori. Yeye mwenyewe alizaliwa Kalengera, kwenye kitanda kilekile alichozaliwa mama.

Jumamosi moja mama alikwenda ziwani kuchota maji, kwa sababu vita vilikuwa vimekata umeme, na bila umeme bomba halitoi kitu. Mama mdogo alilijua hilo. Lakini jirani alikuwa amemwambia maji yatarudi saa kumi, na neno la jirani lilimtosha. Akafungua kopo la defriza, dawa ya kunyoosha nywele, ambayo ukishaipaka huna ujanja: lazima uioshe upesi, tena kwa maji mengi. Akajipaka yeye, kisha akanipaka mimi. Sikukataa. Nilizitaka nywele laini, na upumbavu huo ni wangu.

"Mama mudogo, inanichoma."

"Kama inachoma, ni kusema inaingia. Vumilia."

Tulipofungua bomba, lilikohoa likatoa hewa. Ndani kulikuwa na bidoni moja tu, dumu la maji ya kunywa ambayo mama aliyaleta jana yake. Mama mdogo aliitoa uani, akainama, akajimwagia kichwani, akasugua, akajimwagia tena.

"Miye njo nilitangulia kupaka," alisema.

Alinitangulia kwa muda wa kusuka msuko mmoja. Nilibakiziwa kikombe.

Nilikuwa nalia, kitambaa kibichi kichwani, mama alipotokea na bidoni mgongoni, kamba imembana kwenye paji la uso. Alinimwagia maji yote, yakaondoka na nywele, na nyuma ya sikio yakaondoka na ngozi. Kisha akamgeukia mdogo wake. Nilingoja amtukane.

"Aksanti, mudogo wangu. Ulijaribu."

Kwa neno lile nilimdharau mama miaka mingi, kuliko nilivyomdharau hata mwenye kopo. Sikuwa na akili ya kuona kwamba tulikuwa sita, na sebule haikuwa yetu.

Mama alininyoa, akanipaka mafuta kila asubuhi, na nywele zikarudi vilevile, kipilipili tupu, isipokuwa pale nyuma ya sikio. Mama mdogo naye aliendelea na makopo yake. Sasa amezeeka, nywele za mbele zimemkimbia, na wigi lake halikai sawa hata siku moja. Hututembelea Jumapili baada ya misa, na wageni wakiwapo huanza hadithi yake.

"Mu wakati ya vita niliwapokea. Hata mayi yangu ya kunywa nilimwangia huyu mutoto ku kichwa."

Mama huitikia kwa kichwa, mpaka leo. Mimi, Jumapili asubuhi, kabla mama mdogo hajafika, huzilowesha nywele zangu, nikazichana kuanzia nchani, nikazisuka zote kwenda juu ili kovu la nyuma ya sikio libaki wazi. Na chakula kikiwa tayari, humkalisha upande ule.