Usingoje Kichwa Kianze Kuuma

Nakumbuka siku moja, miaka ya themanini, kijana mmoja alipoingia nyumbani kwetu karibu na Katito, amefunga tai na jasho linamtoka. Alikuwa amempenda msichana wa Kendu Bay, na kwetu hupeleki ng'ombe wa mahari kabla ya kujua kama mna damu moja. Aliyeulizwa mambo hayo alikuwa mama yangu, ambaye wote walimwita Nyar Seme, yaani binti aliyetoka Seme.

"Wewe ni mtoto wa nani?" mama alimwuliza, huku anachambua omena, dagaa wa ziwani kwetu.

Kijana akataja baba, babu na nyanya, wake na wa msichana. Mama akayafuata majina taratibu, mpaka akacheka. "Rudi nyumbani, bwana! Huyo ni dada yako. Mkizaa, mtoto atakuita mjomba!"

Hata kijana alicheka, ingawa machozi hayakuwa mbali. Mwanangu, nikifumba macho bado nasikia kicheko kile cha mama.

Mimi nilikuwa nauza samaki Kisumu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kwa hiyo nyumbani neno langu lilipita. Mama alipopimwa zahanati akaambiwa presha iko juu, apunguze chumvi na ameze vidonge kila siku, alikuja kuniuliza mimi.

"Kichwa kinauma?" nikamwuliza.

"Hakiumi."

"Basi viweke tu, Mama. Dawa ni ya mgonjwa. Kikiuma utameza."

Aliniamini. Vidonge akavifunga kwenye pindo la leso, na mwenzake wa kanisani akilalamika kwamba kichwa kinamuuma, alimpa kimoja kwa moyo safi. Nami kila nilipokuja nilimletea samaki wa mbuta aliyekaushwa kwa chumvi, maana alimpenda sana. Nilidhani hivyo ndivyo mama hutunzwa.

Miaka ya tisini akaanza kusahau. Kwanza chungu motoni, halafu njia ya kutoka sokoni. Tukasema ni uzee, tukacheka kidogo. Asubuhi moja mdomo wake ulilegea upande, ndipo tukamkimbiza hospitali. Daktari akanieleza kwamba presha ilikuwa ikiumiza mishipa ya kichwani kimya kimya, miaka yote ile ambayo kichwa hakikuuma.

Aliporudi nyumbani, wazazi wa msichana mmoja walikuja kumwuliza mambo ya ukoo kama zamani. Mama akawatazama wote, kisha akanigeukia.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wako, Mama."

Akafikiri sana, akatabasamu. "Basi hapa huwezi kuoa."

Wageni wakacheka. Mimi nikatoka nje.

Mwanangu, sisemi kila mzee anayesahau ana presha. Lakini mpeleke mama yako apimwe, hata kama bado anapalilia shamba huku anaimba. Akipewa dawa, ameze kama alivyoagizwa, kichwa kiume kisiume, na asiigawe. Punguza chumvi kwenye sufuria yake. Nawe ukapimwe. Na akianza kupoteza majina, usicheke kama tulivyocheka sisi. Keti naye umwulize anayoyajua, wakati bado anajua wewe ni wake.

Mungu akupe nyumba yenye wazee wanaokuita kwa jina. Nawe ukizeeka, wajukuu wakiingia mlangoni, uwataje mmoja mmoja bila kukosea.