Siku Wakwe Walipogoma Kukalia Makochi Yangu

Aibu hii nimeinyamazia mwaka wa pili sasa, na hata ninavyoiandika masikio yananichoma, lakini afadhali niiseme mwenyewe kuliko kuendelea kusikia watu wa mtaani kwetu Ibadakuli wakiisimulia vibaya kwenye vijiwe vya bodaboda, maana wapo wanaosema mama mkwe wa binti yangu alizimia (uongo, hakuzimia, alilia tu, na bora angezimia) na wapo wanaosema niliwatukana wageni, jambo ambalo sikulifanya, ingawa yaliyotokea yalizidi matusi.

Kwanza mnijue. Mimi darasa la tano sikulimaliza. Nilianza kuzama kwenye maduara, yale mashimo yetu ya dhahabu, nikiwa sina hata ndevu, nikapanda, nikawa na duara langu, kisha nikanunua karasha la kusagia mawe kule upande wa Buseresere, na leo wenye vyeti vyao wananiamkia shikamoo bosi. Nyumba yangu ya Shinyanga niliijenga mwenyewe bila mkopo wa mtu, vyumba vitano, bati la rangi, marumaru mpaka barazani. Sisemi kwa majivuno, nasema ilivyo.

Ila ndani, sebuleni, palikuwa na vurugu. Mtu anayejenga kidogo kidogo hununua vitu kidogo kidogo, kwa hiyo nilikuwa na kochi refu la kijani kutoka Kahama, viti viwili vyekundu nilivyovinunua kwa mwalimu aliyehamishwa, kiti kimoja cha maua ambacho hata sikumbuki kiliingiaje, kabati la vyombo la mninga na meza ya katikati isiyofanana na kitu chochote. Mke wangu, Mama Minza, alikuwa ameshavizoea. Alivivalisha vitambaa vyeupe alivyovifuma mwenyewe, maisha yakaendelea.

Sasa binti yangu Minza, mwanangu wa kwanza, muuguzi (huyo nimemsomesha mimi, jasho langu), akapata mchumba, kijana anaitwa Yosefu, wa familia ya Kikatoliki yenye heshima zake kule kule Buseresere. Baba yake Yosefu alikuwa amefariki miezi minne nyuma, kwa hiyo waliosema watakuja kuzungumza habari za mahari ni mama yake, baba yake mdogo anayeitwa Mzee Lukas, na wazee wengine wawili watatu. Nikajiambia, hawa watu wakiikuta sebule hii kama mnada wa Jumamosi, watanitajia ng'ombe sita.

Nikaenda dukani kuuliza seti mpya. Bei niliyotajiwa ilinifanya nicheke kwa sauti, nikatoka. Pesa ninayo, lakini mimi si mtu wa kuibiwa mchana. Nikakata shauri: vitu vyangu ni imara, kasoro yake ni kutofanana tu, basi vifanane. Nikavipakia vyote kwenye Fuso iliyokuwa inakwenda kwenye karasha, nikavishusha kwa fundi mmoja wa mbao pale Buseresere, ambaye kila nikipita barabarani naona vitanda vyake vimepangwa nje.

Siku ya pili nikapita kuchagua kitambaa. Nikapiga honi, fundi akaja mpaka dirishani.

"Bosi, shuka basi uingie ndani uone vitambaa vilivyopo."

"Niletee hapa hapa, nina haraka."

Akaleta vipande vitatu. Viwili vilikuwa vya kawaida, vimepauka. Cha tatu, jamani, zambarau iliyoiva, laini, kinateleza mkononi, kinang'aa kama maji, na pembeni kilikuwa na marinda meupe yamepigwa kwa ustadi. Nikauliza bei, nikakuta ni nusu ya vile vilivyopauka.

"Hiki ninacho majora mengi," fundi akasema, halafu akashika shingo. "Lakini bosi, hiki ni kwa ajili ya sebuleni kweli?"

"Kwani pesa yangu ina ukoma?"

"Hapana bosi, ila hiki kwa kawaida huwa tuna..."

"Fundi, fanya unavyoambiwa. Vyote, vifanane. Na kabati na meza uniwekee vishikio vya dhahabu, nimeona unacho kimoja hapo mkononi."

Akakitazama kile kishikio alichokishika, akanitazama mimi, akasema, "Haya, wewe ndiye mwenye mali." Na mimi nikaondoka nikijisifu kwamba nimepata seti nzima kwa bei ya kiti kimoja.

Vitu vilifika Shinyanga jioni, siku moja kabla ya wageni. Vilipopangwa, nawaambia, sebule iliwaka. Kila kitu zambarau, kila ukingo una marinda meupe, na kabati lile la mninga lina vishikio vinne vikubwa vya dhahabu kila upande wa mlango. Nikamwita mke wangu. Akaja akijifuta mikono kwenye kanga, akasimama mlangoni, akajiziba mdomo kwa ncha ya kanga. Nikajua furaha imemzidi.

"Umeona?"

"Nimeona, Baba Minza." Akagusa kochi kwa kidole, akakirudisha haraka. "Tuvivalishe vile vitambaa vyangu vyeupe basi. Vyote. Wageni wasije wakavichafua."

Alivifunika mpaka chini, hata vishikio akavitupia kitambaa. Nikamwachia. Lakini asubuhi, alipokuwa jikoni na wenzake wanapika pilau na mbuzi, mimi nikaviondoa vyote, nikavikunja, nikavificha chumbani. Ningewezaje kugharamia kitu kizuri halafu nikifunike?

Wageni wakafika saa tano, wamejaa kwenye Noah. Nikawapokea getini kwa sauti kubwa, mwangaluka, mwangaluka bhabehi, shikamoo kwa wanaostahili, nikatangulia ndani nikiwafungulia mlango mimi mwenyewe.

"Karibuni sana! Kaeni popote, seti yote ni moja, hapa Shinyanga hamtaikuta nyingine!"

Hakuna aliyekaa.

Mzee Lukas alivua kofia, akaishika kifuani. Nikaona, eh, huyu mzee ana adabu. Shangazi yake Yosefu akafanya ishara ya msalaba. Nikaona, eh, na huyu ameguswa. Mzee mwingine akarudi kinyumenyume mpaka barazani. Nilidhani wanaona haya, watu wa kijijini hawajazoea makochi mazuri, kwa hiyo ili kuwatoa wasiwasi nikafanya kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka natamani kujipiga kofi. Nikajitupa kwenye lile kochi refu, nikajinyoosha chali, kichwa kwenye mto, mikono nikaikunja kifuani, marinda meupe yamenizunguka.

"Tazameni! Ukilala hapa hutamani kuamka!"

Ndipo Mama Yosefu, ambaye alikuwa nyuma ya wote, alipopata nafasi ya kuona. Akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia hata shimo lilipotuangukia, akashika ukuta, akaanza kulia kwa jina la mumewe.

Nikaamka kwa kuruka. "Mayu, mama yangu, kuna nini? Kaa kwanza, kaa hapa."

"Yaya," akasema, hapana, akinisukuma mkono. "Yaya. Hapo sikai."

Mzee Lukas akaniuliza kwa upole, na upole ule ndio ulioniua. "Mzee mwenzangu, kitambaa hiki umekitoa wapi?"

"Buseresere, kwa fundi wa barabarani."

"Yule ambaye vitanda anavipanga nje na majeneza anayatengenezea ndani?"

Ndani sikuwahi kuingia.

"Kaka yangu tumemzika kwa kitambaa hiki," akasema. "Rangi hii, marinda haya. Na vishikio vile pale kwenye kabati, mimi mwenyewe nilishika kimoja tukimpeleka kaburini."

Nikajitetea (mtu akizama hushika hata majani), nikasema, jamani, bahati mbaya, ningejuaje? Hapo Mama Yosefu akainua uso.

"Ungejua. Wewe si ulikuja msibani kwetu?"

"Nilikuja, mama. Jina langu lilisomwa mbele ya watu, na rambirambi yangu ilikuwa kubwa kuliko zote."

"Ulimuaga mume wangu?"

Wanawake wote wa jikoni walikuwa wamesogea mlangoni.

"Watu wote walipita mbele ya jeneza," akasema. "Hata watoto, hata jirani tuliyegombana naye shamba. Aliyepita pale asingelala hivyo mbele yangu leo. Wewe uliangusha bahasha ukaondoka. Mimi niliambiwa mkwe wangu yupo, nikawa nakutafuta kwa macho."

Nilitaka kusema nilikuwa na mzigo karashani. Nikamwona Minza amesimama nyuma ya mama yake, amevaa gauni la kitenge alilolishonesha kwa ajili ya siku hiyo, hatazami mtu yeyote, anatazama sakafu. Akasema polepole, "Baba, siku ile nilikufuata nikakuambia ingia, wanaaga. Ukaniambia wafu hawahesabu nani kaja."

Ni kweli nilisema. Nilisema kama mzaha.

Wakaondoka bila kunywa hata maji. Na mgeni wa mahari akitoka nyumbani kwako bila kuonja kitu, Msukuma yeyote atakuambia maana yake: amekataa undugu. Pilau tuligawa kwa majirani, nao waliipokea wakiwa na maswali midomoni. Usiku (sikulala) nikamuuliza mke wangu kama alijua. Akasema alijua tangu mlangoni.

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Ungenisikia?"

Baada ya majuma matatu Mzee Lukas akapiga simu. Hakunipigia mimi. Alimpigia kaka yangu Maduhu, ambaye ni mkulima wa pamba, nyumba ya tope, viti vitatu na mabenchi. Akamwambia kijana na binti hawana kosa, lakini mazungumzo ya mahari hayatafanyika tena nyumbani kwangu, wala mimi sitakuwa msemaji. Wakaenda kwa Maduhu, wakakaa kwenye mabenchi yale, wakala ugali na kuku, wakacheka, wakakubaliana. Mimi niliambiwa na wazee wetu wenyewe nibaki Shinyanga, "usije ukaharibu". Idadi ya ng'ombe wa mwanangu niliipata kwa ujumbe wa simu. Kanisani, Maduhu ndiye aliyemshika mkono.

Nilikwenda kwa Mama Yosefu kuomba radhi. Alinikaribisha, akanipa chai, akasema amesamehe, na naamini amesamehe. Lakini kusamehewa na kurudishiwa nafasi yako ni vitu viwili.

Mwezi uliopita Minza alijifungua mtoto wa kiume. Taarifa ilipelekwa kwa Maduhu kwanza, kama ilivyo desturi kwa aliyepokea mahari, naye ndiye aliyenipigia. Nikamwambia asante, kaka. Nimepasua mawe tangu utotoni, lakini neno lile lilikuwa gumu kuliko yote. Nimeapa, na mashahidi wangu ni nyinyi mnaosoma: palipo na msiba wa mtu, wa tajiri au wa maskini, nitaingia, nitapita mbele, nitamtazama usoni na kumuaga kwa jina. Kwa baba yake Yosefu nimeshachelewa. Minza akinipigia siku hizi huniuliza hali, hunisalimia vizuri, na kila likija jambo la kuamuliwa husema, "Ngoja kwanza nimuulize baba mkubwa."