Siku Mama Alipoulizwa Kama Mdogo Wangu Anapika

Ujumbe uliingia kwenye simu nikiwa darasani, hapa Ibra, Oman. Niliona umetoka ofisi ya ustawi wa jamii, nikaogopa kuufungua mbele ya wanafunzi, nikaendelea kufundisha bila ya kusikia ninachokisema. Kengele ilipolia nilikimbilia chumba cha walimu nikausoma. Maombi ya mdogo wangu ya posho ya walemavu yamekataliwa. Ripoti ya daktari haikuonyesha kuwa hawezi kujitegemea. Tukitaka kukata rufaa tunaweza, lakini muda wenyewe ulikuwa mfupi.

Mdogo wangu ana kifafa. Ukimwona hujui. Anavaa vizuri, Kiarabu chake kisafi kutushinda sote, na akicheka utasema hana dhiki duniani. Kisha kikombe kinamponyoka mkononi, na yeye mwenyewe anakifuata chini. Alikuwa na kazi ya kupokea wagonjwa kwa daktari wa meno. Walimstahamilia, mwisho wakamwambia akapumzike nyumbani. Baba alikwishafariki. Usiku wangu wote ulikuwa hesabu ya jambo moja: nikiondoka mimi, nani atamtazama?

Mama hakutaka tuombe tangu mwanzo. Alizaliwa Unguja, akaja Oman akiwa msichana, na mpaka leo Kiarabu anakiokoteza tu. Majirani aliwaambia mwanawe ana presha.

"Ukishaandikwa mlemavu serikalini," alisema, "nani tena atakuja kukuposa?"

Mdogo wangu aliinuka akaenda chumbani kwake.

Mwalimu mwenzangu akanielekeza kwa wakili mmoja wa Nizwa, mwanamke, anayesaidia watu kwenye kesi za namna hii. Tukaondoka asubuhi, sisi watatu, kwa njia ya Sinaw. Kumbe ilikuwa siku ya mnada wa mifugo. Magari yamejaa mbuzi, barabara haipitiki. Hapo ndipo niliposikia nyuma yangu ile sauti ya koo ninayoijua. Nikaliweka gari pembeni. Mama alikwishamlaza mdogo wangu kwa ubavu. Alipohakikisha anapumua, akavua mtandio wake akaubana kwenye kioo cha dirisha watu wasione ndani, mwenyewe akabaki na kilemba cha chini tu. Mabedui wawili walipita na kamba za mbuzi wao. Hawakutazama hata kidogo.

Ofisini kwa wakili tulifika mdogo wangu bado kichwa kizito, ameegemea bega langu.

"Shikamoo, mama," wakili akasema.

Sote tukashtuka. Akacheka. "Bibi yangu kazaliwa Bujumbura. Nafahamu Kiswahili yote, ila kusema ndo taabu."

"Marahaba, mwanangu," mama akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akakaa akaegemea kiti.

Wakili aliisoma ripoti yetu. "Hapa wameandika ana kifafa na anatumia dawa. Khalas, basi. Hakuna anaanguka vipi, hakuna hawezi nini. Mtu akisoma atasema dawa imemponya." Alitaka tupate ripoti mpya ya daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, rufaa ataiandika yeye. Akatueleza kuwa kamati itatuita na kutuhoji. Halafu akamgeukia mama. "Watakuuliza wewe, mama. Siku hiyo usimsifu mtoto."

Mama alitazama mikono yake.

Ripoti mpya tukaipata, rufaa ikapelekwa ndani ya muda, tukabaki kungoja. Kila simu ikilia niliikimbilia. Asubuhi ya kwenda kwenye kamati nilimkuta mdogo wangu mbele ya kioo, mkononi ana wanja, hajui apake au asipake.

"Nikipaka watasema mzima," akaniambia. "Nisipopaka nitajiona mimi si mimi. Natamani nianguke mbele yao, dada, yaishe."

Alipaka.

Kamati ilikuwa daktari mmoja mtu mzima na bibi mmoja wa ustawi wa jamii. Wakili aliruhusiwa kukaa nasi, lakini si kutujibia. Walimuuliza mdogo wangu mambo mawili matatu, akajibu kwa adabu na kwa ufasaha, na mimi nikaona kila jibu zuri linatuzamisha. Kisha yule bibi akamuuliza mama kwa Kiarabu: binti yako anapika?

"Anapika," mama akajibu, kifua mbele. "Anafua, anapiga pasi. Kila kitu anafanya, mashallah."

Daktari akaandika. Nikamtazama wakili, naye akainua mkono taratibu, akaomba ruhusa: mama huyu lugha yake ni Kiswahili, je, anaweza kuulizwa tena kwa lugha yake, na binti yake mkubwa akafasiri? Daktari akakubali. Swali likarudiwa, na yule bibi akaongeza: akipika, wewe unakuwa wapi?

Mama alimtazama mdogo wangu kama anayemwomba radhi.

"Nakuwa nyuma yake," akasema. "Nimemshika nguo. Alianguka juu ya jiko, mkono ukaungua, mwambie akuonyeshe. Sasa namshika nguo. Akikoga, nakaa nje ya mlango nasikiliza maji. Maji yakimwagika sawa sawa, bila ya kukatika, najua kaanguka. Mlango huo hauna komeo, nimeling'oa mimi. Sijaenda harusini wala matangani sijui tangu lini. Nawaambia watu miguu inaniuma."

Nilifasiri neno kwa neno. Mdogo wangu alikunja mkono wa abaya, akaonyesha kovu, bila ya kumtazama mtu yeyote.

Tulipofika nyumbani, mdogo wangu alifungua mlango, akasema, "Mama, uliniambia fundi ndiye aliyeliharibu komeo la bafuni."

"Nilikwambia hivyo," mama akasema.

Mdogo wangu alikasirika siku kadhaa. Nilimsikia mara moja akimwambia mama kwamba amemvua nguo mbele za watu, na mama akamjibu kwamba hata yeye mwenyewe alijiona yuko uchi.

Jibu lilikuja tumekwishakata tamaa. Wakili ndiye aliyepiga simu kwanza: rufaa imekubaliwa, posho itaanza, ila hali yake itatazamwa tena baadaye. Mdogo wangu alikaa kitini akalia. Mama aliuliza hiyo "baadaye" maana yake nini. Nikamweleza kuwa huenda tukaitwa na kuulizwa upya.

"Yote yale?"

"Yote, mama."

Jirani alikuwa anabisha hodi, amekuja kutaka kujua kwani mtoto analia nini. Mama alikwenda mwenyewe kumfungulia, nami nikabaki nimesimama, sijui atamwambia ni presha au atamwambia kweli.